Mfalme wa Misri, au Mfalme wa Misri na Sudan? Ufalme wa miaka 31 na cheo kilichoachwa wazi kwenye katiba

Kalamu_ya_Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Humu jukwaani tukigusa historia ya Misri huwa tunaruka kutoka kwa mafarao hadi kwa Nasser, kama vile hapo katikati hapakuwa na watu. Leo naomba tukae kwenye kipande kifupi tu: ufalme wa Misri, uliotangazwa 15 Machi 1922 na kufutwa 18 Juni 1953. Miaka 31, wafalme watatu, na wa mwisho alikuwa mtoto mchanga. Ndani ya kipande hicho nataka tufuate jambo moja, nalo ni cheo cha mfalme mwenyewe. Misri ilikuwa na katiba iliyosema kwa maandishi kwamba cheo cha mfalme kitaamuliwa baadaye. Nchi ilikuwa na mfalme, kasri, bunge na sarafu zenye sura yake, lakini jina kamili la kiti chake lilikuwa bado halijajazwa.

Rai yangu naiweka mapema ili mnipinge mkitaka: cheo hiki tangu mwanzo kilikuwa ugomvi juu ya Sudan, na Wasudani wenyewe ndio walioulizwa mwisho.

Tuanze na ukoo. Muhammad Ali alizaliwa Kavala, mji wa bandari ambao leo uko Ugiriki, akafika Misri na jeshi la Waturuki lililotumwa kupambana na Wafaransa. Mwaka 1805 Sultani wa Istanbul akamthibitisha kuwa wali, yaani gavana. Kwenye karatasi alikuwa mtumishi wa Sultani. Kwa vitendo alikuwa na jeshi lake na hazina yake, na kuanzia 1820 akatuma watu kusini kuiteka Sudan, akitafuta dhahabu na watumwa wa kuwatia jeshini. Mwaka 1841 Istanbul ikamwandikia firmani, yaani amri ya Sultani: Misri atairithisha kwa wanawe, Sudan ataitawala yeye, ila haki ya kurithisha huko hakupewa. Wekeni alama hapo. Misri ilikuwa mali ya ukoo kwa hati, Sudan haikuwa.

Mjukuu wake Ismail, aliyeshika nchi mwaka 1863, hakuridhika kuitwa wali kama magavana wengine wa dola ya Waturuki. Mwaka 1866 akanunua haki ya kurithiwa na mwanawe wa kwanza, badala ya desturi ya kumpa mkubwa wa ukoo. Nasema akanunua kwa sababu kodi ya mwaka ya Misri kwa Sultani ilipandishwa kutoka pauni 376,000 hadi 720,000. Mwaka uliofuata akapata cheo cha khedivi, neno lenye asili ya Kiajemi, ambalo hakuna gavana mwingine aliyekuwa nalo. Inasimuliwa kwamba alichokitaka hasa ni Aziz wa Misri, kile cheo tunachokisikia katika Surat Yusuf. Tatizo, Sultani wa wakati huo aliitwa Abdulaziz. Asingekubali mtu wa chini yake aitwe Aziz ilhali yeye jina lake ni mja wa Aziz.

Naendelea. Maswali yaingie popote.

Mtumbatu77

Mkuu, shukrani kwa uzi. Huyu Ismail ndiye aliyetuma meli za kivita hadi Kismayu? Babu yetu mmoja alikuwa akisema Wamisri waliwahi kufika kwa Sayyid Barghash kutaka nchi.

Kalamu_ya_Pwani

Ndiye huyo huyo, Mtumbatu. Mwaka 1875 Ismail alituma msafara wa baharini chini ya McKillop Pasha, Mwingereza aliyekuwa akimtumikia. Wakatwaa Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa chini ya Zanzibar. Nia ilikuwa kufungua njia kutoka pwani hadi maziwa makuu, ili mto Nile wote, kutoka kwenye chemchemi zake hadi bahari ya Mediterania, uwe wa khedivi. Gordon, Mwingereza aliyekuwa gavana wake katika jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan, ndiye aliyependekeza njia hiyo. Barghash akalalamika kwa Waingereza, London ikambana Ismail, na mwanzoni mwa 1876 askari wakaondolewa.

Kwa hiyo babu yenu hakukosea. Na tukio hilo linaonyesha ukoo huu ulikuwa unawaza nini: kwao Misri ilikuwa bonde zima la mto, si ile nchi ya mdomoni peke yake.

Madeni ndiyo yaliyomwangusha. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869 kwa karamu za kifahari, lakini mwaka 1875 hisa za Misri katika mfereji huo ziliuzwa kwa Uingereza, na baada ya hapo wadai wa Ulaya wakaingia hadi ndani ya baraza la mawaziri. Tarehe 26 Juni 1879 simu ya maandishi kutoka Istanbul ikafika kasrini, ikiwa imeandikwa kwa "Ismail, khedivi wa zamani wa Misri". Habari ya kuondolewa kwake aliisoma kwenye anwani kabla hajafungua barua. Akaondoka Iskandaria kwa meli yake, Mahrousa. Likumbukeni jina la meli hiyo.

Mwanawe Tewfik akakalia kiti, Waingereza wakaingia na majeshi 1882, na hawakutoka. Sudan ikachukuliwa na Mahdi, kiongozi wa dini wa Kisudani aliyeasi utawala wa Misri, Khartoum ikaanguka Januari 1885. Iliporudishwa mwaka 1898 ilikuwa kwa amri ya Waingereza, huku sehemu kubwa ya askari na gharama ikitoka Misri. Ndipo ukaja mkataba wa 19 Januari 1899, uliosainiwa na Lord Cromer kwa upande wa Uingereza na Boutros Ghali kwa upande wa Misri: Sudan itatawaliwa kwa ubia wa Uingereza na Misri, bendera mbili zipepee, na gavana mkuu ateuliwe na khedivi kwa pendekezo la Uingereza. Kila gavana mkuu kuanzia hapo hadi miaka ya 1950 alikuwa Mwingereza. Ubia wa aina hiyo kila mtu anaujua ulivyo.

binti_wa_Ujiji

Kaka, mbona ninasoma sehemu nyingine kwamba Misri ilikuwa na sultani? Alitoka wapi kama alikuwa khedivi?

Kalamu_ya_Pwani

Swali zuri dada, na ndipo nilipokuwa naelekea.

Vita Kuu ilipoanza 1914, khedivi Abbas Hilmi wa Pili alikuwa Istanbul, na Uturuki ikaingia upande wa Ujerumani. Kisheria Misri bado ilikuwa jimbo la Uturuki, na Waingereza waliokuwa wameikalia sasa walikuwa vitani na mwenye nchi. Tarehe 18 Desemba 1914 wakaitangaza Misri kuwa nchi ya himaya yao, na kesho yake wakamwondoa Abbas, wakamweka ami yake, Hussein Kamel. Cheo cha khedivi kisingefaa tena, maana kilikuwa zawadi ya Istanbul. Wakampa cheo cha sultani, sawa na cha yule wa Istanbul, ili ionekane kwamba kamba imekatwa. Cheo kikubwa kuliko vyote vya waliomtangulia kikaja siku ambayo nchi ilikuwa na uhuru mdogo kuliko wakati wowote tangu Muhammad Ali. Hilo huwa linaniuma kila nikilisoma.

Hussein Kamel alifariki Oktoba 1917. Mwanawe Kamal el Din akakataa kiti. Wakamwendea mdogo wake marehemu, Ahmed Fuad, naye mtoto wa Ismail.

Fuad alikuwa na miaka 49. Alilelewa Italia alikokimbilia baba yake, akasoma chuo cha kijeshi cha Turin, na Kiarabu chake kilikuwa dhaifu. Mwaka 1898 shemeji yake, mwanamfalme Ahmed Seif ed-Din, alimpiga risasi kwenye klabu mjini Kairo. Alinusurika, lakini koo lilibaki na kasoro, akawa anatoa mlio kama wa kubweka katikati ya maneno. Asidharauliwe lakini. Chuo kikuu cha kwanza cha kisasa cha Misri kilipofunguliwa 1908 yeye ndiye alikuwa mkuu wake, na siasa za kasri alizijua kuliko mawaziri wake.

Machi 1919 Waingereza wakamkamata Saad Zaghloul, kiongozi wa wapigania uhuru, na kumpeleka Malta, nchi nzima ikalipuka: reli zikang'olewa, wanafunzi, makarani na wakulima wakatoka, na wanawake wa Kairo wakaandamana barabarani. Miaka mitatu baadaye, 28 Februari 1922, London ikatangaza kwa upande wake peke yake kwamba himaya imekwisha na Misri ni nchi huru. Ila ikajiwekea mambo manne: usalama wa njia za mawasiliano ya dola yake, ulinzi wa Misri, maslahi ya wageni na jamii ndogo, na Sudan. Tarehe 15 Machi Fuad akajitangaza mfalme. Sultani sasa kilikuwa cheo chenye harufu ya himaya. Mfalme kilimweka kwenye safu moja na wafalme wa Ulaya, na ndicho alichokitaka.

Swali likabaki: mfalme wa wapi?

Msomi wa Jioni

Hapa nilikuwa nakusubiri mkuu. Kamati ya katiba si ilishaandika "Mfalme wa Misri na Sudan"?

Kalamu_ya_Pwani

Iliandika, ndugu yangu. Kamati ya watu 30 chini ya Hussein Rushdi iliweka kwenye rasimu kwamba mfalme ataitwa Mfalme wa Misri na Sudan. Allenby, kamishna mkuu wa Uingereza, akaona hilo ni kuvunja lile jambo la nne. Mwanzoni mwa 1923 akamletea Fuad vitisho waziwazi, kwamba Uingereza itajiona huru kufanya itakalo Sudan na hata Misri kwenyewe. Serikali ya Tawfiq Nasim ikakubali kuondoa maneno hayo na ikajiuzulu.

Katiba iliyotoka 19 Aprili 1923 ikawa na ibara mbili za ajabu kuelekea mwishoni. Ibara ya 159 ilisema katiba inatumika katika ufalme wa Misri bila kupunguza haki ilizonazo Misri katika Sudan. Ya 160 ikasema cheo cha mfalme wa Misri kitawekwa baada ya wajumbe wenye mamlaka kuamua hatima ya mwisho ya Sudan.

Isomeni tena hiyo ya 160. Hii ndiyo sababu nimeanzisha uzi. Walishindwa kuandika walichokitaka, wakakataa kuandika walichoamriwa, wakaacha nafasi. Na nafasi hiyo ilikaa wazi miaka 28. Sarafu ziliandikwa Fuad wa Kwanza, Mfalme wa Misri, lakini kwa mujibu wa katiba yao wenyewe hicho hakikuwa cheo cha mwisho.

Msomi wa Jioni

Nakubaliana na maelezo, ila sikubaliani na rai yako ya juu kabisa. Unasema Wasudani hawakuulizwa, kama vile wote waliukataa ufalme huo. Vipi kuhusu Jumuiya ya Bendera Nyeupe ya 1924? Ali Abd al-Latif alikuwa afisa, mtu wa asili ya Wadinka na Wanuba, na alidai umoja wa bonde la Nile dhidi ya Waingereza. Waliandamana Khartoum. Askari wa Kisudani walikufa Novemba 1924 wakipigana na Waingereza, wakati wenzao wa Kimisri wakifukuzwa. Hao pia ni Wasudani.

Kalamu_ya_Pwani

Mkuu, umeleta kitu kizito na ni haki kisemwe kikamilifu.

Novemba 19, 1924, Sir Lee Stack, gavana mkuu wa Sudan, alipigwa risasi Kairo, akafa kesho yake. Allenby akaidai Misri fidia ya pauni 500,000 na kuondolewa kwa jeshi lake lote Sudan. Zaghloul, aliyekuwa waziri mkuu, akajiuzulu. Siku hizo ndipo askari wa Kisudani walipotaka kuungana na wenzao wa Kimisri waliokuwa wanatolewa, wakazuiwa, wakapigana hadi mizinga ikaletwa kubomoa jengo walimojificha. Walikufa kwa ajili ya umoja ule. Sithubutu kuwafuta.

Lakini tofautisha mambo mawili. Ali Abd al-Latif aliutaka umoja kama njia ya kumtoa Mwingereza. Fuad aliitaka Sudan kama sehemu ya milki yake. Baadaye vyama vya Sudan viligawanyika hapo hapo: Ashigga wa Ismail al-Azhari wakitaka muungano chini ya taji la Misri, na Umma, waliokuwa nyuma ya Sayyid Abd al-Rahman, mwana wa Mahdi, wakisema Sudan ni ya Wasudani. Kura ya kuamua kati ya pande hizo mbili haikuwahi kuitishwa na Kairo wala London katika miaka yote ya Fuad na Farouk. Na watu wa kusini, wa Juba na Malakal, hawakuwamo hata kwenye mabishano.

binti_wa_Ujiji

Na ukhalifa? Niliwahi kusikia Fuad alitaka awe khalifa wa Waislamu wote.

Kalamu_ya_Pwani

Alitamani, dada. Uturuki ilifuta ukhalifa Machi 1924, na mkutano ukaitishwa Kairo Mei 1926 kujadili nani awe khalifa. Hawakufikia lolote. Mwaka mmoja kabla, shehe wa Azhar aliyeandika kwamba Uislamu haulazimishi ukhalifa alivuliwa hadhi yake ya uanazuoni, na wengi waliona mkono wa kasri ndani yake. Kwa ufupi, mfalme huyu alikuwa na njaa ya vyeo.

Fuad alifariki 28 Aprili 1936. Farouk alikuwa Uingereza akisoma, ana miaka 16. Akatawala kwa baraza la walezi hadi 29 Julai 1937, alipotimiza miaka 18 kwa hesabu ya Hijria, hesabu iliyomwahisha kiti kwa miezi kadhaa. Watu wa kasri walitaka sherehe ya kidini, akabidhiwe upanga wa Muhammad Ali. Waziri mkuu Nahhas akakataa: mfalme ataapa mbele ya bunge, basi. Kijana yule alipendwa mno mwanzoni, alikuwa mzuri wa sura, akisali Ijumaa na watu na kuongea Kiarabu chao vizuri kuliko baba yake. Kisha ikaja 4 Februari 1942, vifaru vya Uingereza vikazingira kasri la Abdin na balozi Lampson akaingia kwake na hati ya kung'atuka mkononi, amteue Nahhas au aondoke. Akamteua. Wanajeshi vijana hawakulisahau hilo.

Twende kwenye cheo. Mwaka 1946 waziri mkuu Sidqi na Bevin, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, walikaribia kukubaliana, hati ikazungumzia umoja wa Sudan na Misri chini ya taji moja la Misri. Sidqi akarudi Kairo akitangaza ameileta Sudan. London ikasema maana yake siyo hiyo, na haki ya Wasudani kujiamulia ipo palepale. Mapatano yakafa. Mwaka uliofuata waziri mkuu mpya, Nuqrashi, akaipeleka kesi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, akarudi mikono mitupu.

Hatimaye 8 Oktoba 1951 Nahhas yule yule akasimama bungeni na miswada: mkataba wa 1936 na Uingereza ufutwe, ule wa ubia wa 1899 ufutwe, ibara za 159 na 160 zibadilishwe. Bunge likapitisha kwa shangwe. Kuanzia 16 Oktoba 1951 Farouk akawa rasmi Mfalme wa Misri na Sudan. Nafasi ikajazwa.

Uingereza haikukitambua. Gavana mkuu akaendelea na kazi Khartoum kama jana yake, na sheria ya Misri haikubadilisha hata karani mmoja kule.

Mtumbatu77

Mimi nakusanya stempu, na ninazo za kipindi hicho. Zina picha ya Farouk na juu yake pamepigwa chapa kwa Kiarabu, "Mfalme wa Misri na Sudan, 16 Oktoba 1951". Ninazo na nyingine ambazo uso wa mfalme umepigwa mistari mitatu minene. Hizi za mistari ni za lini?

Kalamu_ya_Pwani

Za mistari ni za 1953, baada ya jamhuri. Serikali mpya ilikuwa na akiba kubwa ya stempu zenye uso wa Farouk, wakaufunika na kuendelea kuziuza. Ukiziweka pamoja na zile za 1952, mkuu, una historia yote ya cheo hicho kwenye kurasa mbili za kitabu chako. Zitunze sana.

Cheo kilimfaa Farouk miezi tisa tu. Tarehe 25 Januari 1952 Waingereza waliwaua polisi wa Kimisri wapatao 50 huko Ismailia, kesho yake Kairo ikaungua. Usiku wa kuamkia 23 Julai Maafisa Huru, kundi la siri la maafisa wa jeshi, wakachukua jeshi. Tarehe 26 akaletewa hati ya kung'atuka katika kasri la Ras el-Tin, Iskandaria. Inaanza hivi: "Sisi Farouk wa Kwanza, Mfalme wa Misri na Sudan". Inasimuliwa mkono ulitetemeka hadi akasaini mara mbili. Saa kumi na mbili jioni akapanda Mahrousa, meli ileile iliyombeba babu yake Ismail mwaka 1879, mizinga 21 ikapigwa, na Jenerali Naguib, kiongozi wa mapinduzi, akaja kumuaga.

Kiti kikabaki kwa mwanawe Ahmed Fuad, aliyezaliwa 16 Januari 1952. Naye kwa hati alikuwa Mfalme wa Misri na Sudan, akiwa na miezi sita, akiwa ameshatolewa nchini pamoja na wazazi wake. Mlezi wa kiti alikuwa mwanamfalme Muhammad Abdel Moneim, mtoto wa yule khedivi Abbas aliyeondolewa 1914.

Msomi wa Jioni

Sasa funga hoja yako. Kama cheo kilikuwa cha maana kiasi hicho kwa Wamisri wote, wanamapinduzi walikiachaje kirahisi? Nao walikuwa wazalendo.

Kalamu_ya_Pwani

Walikiacha kwa sababu Naguib aliijua Sudan. Alizaliwa Khartoum, baba yake akiwa afisa huko, na alisomea huko. Aliona kwamba alimradi Misri inadai taji, Waingereza watakuwa na kisingizio cha kubaki wakisema wanawalinda Wasudani. Akazungumza na vyama vya Sudan vyenyewe, hata Umma, na 12 Februari 1953 akasaini na Uingereza mapatano kwamba Wasudani watajitawala kwa muda kisha wachague wenyewe, waungane na Misri au wawe huru. Miezi minne baadaye ufalme ukafutwa, na cheo pamoja nao. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1820 kwa Kairo kukubali kwamba jibu liko Khartoum.

Wengi Kairo walitegemea jibu litakuwa muungano, na walikuwa na sababu. Katika uchaguzi wa mwishoni mwa 1953 kilishinda chama cha Azhari, yule yule wa taji moja. Lakini alipokaa kwenye kiti cha waziri mkuu na kuwasikiliza watu wake, akageuka. Tarehe 19 Desemba 1955 bunge la Sudan likapiga kura ya uhuru bila mpinzani, na 1 Januari 1956 Azhari ndiye aliyepandisha bendera.